Tope la Gazi

Kwenye dirisha la chumba ninamoandikia pamelala kijiti kimoja, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Siku kilipofika humu kilikuwa kijani, kinang'aa kama kilichopakwa mafuta. Sasa kimegeuka hudhurungi na ngozi yake imeanza kujikunja. Kichwani ni chembamba, kinanenepa kidogo kikiteremka, kisha kinaishia kwenye ncha kali. Wageni hukiokota wakakigeuzageuza. Mmoja alidhani ni mshumaa wa kizamani. Ni mtoto wa mkoko. Sisemi mbegu, kwa sababu mkoko hauangushi mbegu. Mbegu yake huchipua ndani ya tunda likiwa bado tawini, mche ukachomoza polepole ukielekea chini, ukaning'inia miezi kadhaa ukinyonya kwa mama, na siku unapoliachia tawi tayari ni mti mdogo usio na jani wala mzizi, unaotafuta pa kusimama. Maji yakiwa yamekupwa, huenda ukajichoma papo hapo kwenye tope. Maji yakiwa yamejaa, huelea. Mwanzo hulala kifudifudi juu ya maji. Siku zikipita, upande wa chini huwa mzito, mche ukajiinua wima ndani ya maji na kuchukuliwa na mkondo ukiwa umesimama hivyo, ncha ikipapasa chini, mpaka siku itakapogusa.

Hiki nilikiokota Gazi, siku ya bamvua, maji yalipokuwa yamekwenda mbali hata mashua zimelalia ubavu. Nilikiokota bila kufikiri, kama mtu anavyookota kombe, na nilikuwa nimeshafika nyumbani nilipotambua nilichofanya: nimekichukua kiumbe kilichobeba safari yake yote tumboni, nikakiweka mahali pasipo na maji. Tangu hapo kila nikikaa kuandika macho yangu hukiendea, na kutoka kwake huirudia ghuba ile. Nimeshaandika mengi mbele ya dirisha hili. Kuhusu ghuba sijaandika hata neno, na naona imenidai.

Gazi ni kijiji cha Kwale, kilomita 50 na kidogo kusini mwa Mombasa. Ukishavuka feri ya Likoni unaishika barabara ya Lunga Lunga, unaipita Ukunda wanakokatia kona wanaokwenda hoteli za Diani, kisha minazi inazidi na magari yanapungua, na usipokuwa makini unakipita kijiji bila kujua. Kutoka barabarani hadi majini ni mwendo mfupi chini ya minazi na miembe. Hapo ardhi inaisha, na ghuba iko mbele yako imetulia kama maji yaliyotiwa kwenye sinia. Mashariki rasi ya Chale imeikinga kama kiganja kinavyoukinga mshumaa. Kusini mwamba wa matumbawe unayavunja mawimbi huko nje. Povu unaliona, lakini kishindo chake kinakufikia kimechoka. Ghuba nzima ni kama kilomita za mraba 18, na theluthi yake ni mikoko. Kwenye ramani ya Afrika Mashariki wino wa neno moja ungeifunika. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mara nyingi methali hii husemwa kwa kumhurumia chungu, aliyezaliwa mahali padogo akapadhania dunia. Nami kila nikiifikiria Gazi naona chungu hakukosea. Aliyakagua maji yaliyokuwa mbele yake, akayapa jina linalolingana na kina chake kwa kipimo cha miguu yake.

Ghuba hii ilianza kwa bahari kuondoka. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na matumbawe yakaota kwenye maji hayo ya vuguvugu mwambao mzima. Kisha ikaja zama ya barafu. Maji ya dunia yakaganda kaskazini na kusini ya mbali, bahari ikateremka zaidi ya mita 100, na matumbawe yakabaki nchi kavu, yakafa, yakawa jiwe. Ni jiwe hilo hilo tunalolichonga hadi leo kujengea nyumba zetu, na anayeegemea ukuta wake jioni anaegemea sakafu ya bahari ya kale. Bahari iliko ndiko mito iendako, na bahari ilipokwenda mbali mito nayo iliifuata, ikilikata jiwe lile kwa maelfu ya miaka. Bahari iliporudi ilikuta njia zimeshachimbwa, ikaingia. Hivyo ndivyo zilivyopatikana hori za Kilindini, Tudor, Mtwapa na Kilifi, zenye kina cha kuingiza meli. Gazi haikujaliwa kina hicho. Ilijaliwa mito miwili midogo, Kidogoweni na Mkurumudzi, inayoteremka kutoka vilima vya Shimba ikiwa imebeba udongo. Matumbawe hayapendi maji matamu wala maji machafu, kwa hiyo mbele ya mito mwamba huacha mlango. Bahari huupitia mlango huo kuingia, na mito huupitia kutoka. Lakini kabla ya kutoka mto hufika mahali penye utulivu, ukapoteza mwendo, na mto usio na mwendo hauwezi kubeba. Unautua udongo wake kama mchukuzi anavyotua gunia. Chembe kwa chembe, masika kwa masika, Shimba imekuwa ikihamia Gazi.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko tunavyojua sisi tunaoizungumza. Neno pwani limetokana na kupwa. Pwani ni mahali panapopwa, mahali ambapo maji hupaacha na kupakauka, kisha yakaparudia. Wachora ramani huuchora ufuo kwa mstari mmoja, nchi upande huu na bahari upande ule, kama ukuta kati ya majirani wasiosalimiana. Waliotupa neno pwani hawakuona mstari. Waliona eneo zima lenye mabwana wawili, linalokabidhiwa mara mbili kwa kutwa, na wakalipa jina kwa kitendo cha maji. Kutoka kitenzi hicho hicho wakapata kipwa, lile jiwe au fungu linalotokeza bahari inapokauka, ambalo nahodha asiyelijua litamvunjia chombo chake saa ya maji kujaa. Wakayatenga maji ya bamvua, mwezi unapoandama au kupevuka, na maji mafu ya siku za katikati, bahari inaposogea kwa uvivu. Gazi wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kimo cha chumba cha nyumba, na kwa kuwa ghuba ni tambarare, mita hizo tatu za kimo ni masafa marefu ya mwendo. Asubuhi unawaona akina mama wakitembea na ndoo zao mahali ambapo alasiri ngalawa itapita na tanga lake. Tunajiita watu wa pwani tukimaanisha tunaishi karibu na bahari. Nadhani jina limebeba zaidi ya hapo. Sisi ni watu wa mahali pasipokaa katika hali moja, na tuliokubali tangu zamani kwamba kitu kinaweza kuondoka bila kuwa kimetuacha.

Siku ile niliingia kwenye mikoko kwa miguu mitupu. Tope la Gazi hukupokea kwa heshima mwanzoni, kifundo cha mguu, kisha hubadili nia na kukuvuta hadi goti. Ni jeusi, laini, baridi ndani hata jua linapochoma nje, na ukivuta mguu hutoa sauti ya mtu anayebusu, ikifuatiwa na harufu ya mayai yaliyoharibika. Wengi hapa hukunja pua wakarudi. Harufu hiyo ndiyo pumzi ya mahali pasipo na hewa. Chini ya kiganja kimoja cha tope hewa haifiki kabisa, na vijidudu vinavyoozesha majani na mizizi hufanya kazi kwa shida. Kwa hiyo jani la mkoko likianguka likafukiwa, halimaliziki. Hukaa. Juu yake likaja jingine, na udongo wa Shimba juu yao, na mzizi uliokufa kati yao, karne baada ya karne. Unapozama hadi goti unashuka katika majani yaliyoanguka kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na hayajaoza bado. Nilisimama pale nikiwa nimenasa, kaa wadogo wakinitazama kutoka mlangoni mwa mashimo yao, na wazo moja likanijia ambalo halijaniondoka: yasiyopata hewa hayaozi. Wazo hilo nitalirudia.

Juu ya tope miti imejipanga kama jamaa wanaojua nani hukaa wapi barazani. Mbele kabisa, usoni mwa bahari, yupo mlilana, ambaye maji humfunika nusu ya siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, umesimama juu ya miguu mingi iliyopinda kama ya kaa anayejiandaa kukimbia. Kisha muia, kisha mkandaa mwembamba wenye magome yaliyotumika kupaka rangi na kulainisha ngozi, na karibu na nchi kavu mchu, unaotoa jasho la chumvi majanini. Wako pia mkomafi wenye matunda makubwa kama mpira wa watoto, msikundazi, kikandaa. Wanaohesabu wanataja aina 9 hapa Gazi. Kila mti una hila yake ya kuishi katika udongo usiopumua. Mlilana na mchu huirudisha mizizi yao juu. Unaiona imechomoza kutoka kwenye tope kwa maelfu, kama vidole, kama msikiti mzima umenyosha shahada, na kazi yake yote ni kungoja maji yapwe ivute hewa na kuipeleka chini. Wavuvi hukata ile ya mlilana kutengenezea maboya ya nyavu, maana ni miepesi. Ninapenda kujua kwamba kinachoinua wavu baharini ni kiungo cha mti cha kupumulia.

Mtu aliyekulia nyumba ya mawe ya mwambao amelala chini ya mikoko maisha yake yote, hata kama hajawahi kuiona imesimama. Boriti zilizobeba dari ni mikoko. Wajenzi wetu wa kale walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa, na waliuza kwa korja, ishirini ishirini. Boriti nzuri haifiki mbali. Mita mbili na nusu, karibu tatu, zaidi ya hapo inapinda chini ya uzito wa chokaa na mawe. Kwa hiyo vyumba vya Lamu na Mombasa vilikuwa virefu na vyembamba, na urefu wa mti uliokulia topeni ukaamua kitanda kikae wapi, wageni wakae wangapi, sauti ya mama iwafikie vipi watoto. Ukivuka bahari hadi Oman na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na misitu, utakuta vyumba vya zamani vina upana huo huo, kwa sababu miti ni hiyo hiyo. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakangoja kusi, yakarudi yakiwa yamejaa boriti hadi kwenye ngama. Upana wa chumba cha mfanyabiashara kule jangwani ulipimwa kwenye tope la kwetu. Ninaposikia watu wakibishana kama sisi ni wa bara au wa ng'ambo, huwa natamani wainue macho wazitazame boriti.

Na kwenye utulivu huu wa sinia alifika mtu asiyetulia. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliichukua Mombasa kutoka mikononi mwa Wamazrui walioitawala kwa karibu karne nzima. Liwali wao wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa kwa hila pamoja na wakubwa wa ukoo, wakapakiwa chomboni wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, wasirudi. Waliosalia waligawanyika. Wengine walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine kusini, na hao wa kusini makao yao yakawa Gazi. Mtu aliyepoteza Mombasa, yenye Ngome ya Yesu na kilindi cha kupokea meli za dunia, anachagua ghuba ambayo kwa nusu ya siku haina maji. Zamani niliona ni kushushwa hadhi. Baada ya kunasa topeni nimeelewa akili yake: chombo cha vita hakiwezi kuingia. Ghuba isiyo na kina ni ngome iliyojengwa na mito.

Mwana wa Rashid, Mbaruk, alikulia katika kisasi cha Mombasa iliyopotea. Aligombana na masultani wa Zanzibar mmoja baada ya mwingine, akapatana nao, akagombana tena, na kila alipozidiwa alipanda kwenye boma lake la Mweli huko vilimani, unakotoka udongo wa ghuba, kisha hali ikipoa akateremka. Naona maisha yake yalikuwa na mwendo wa maji ya Gazi, kupwa na kujaa, miaka zaidi ya ishirini. Waingereza walipojitwalia pwani mwaka 1895 na kuingilia urithi wa Takaungu, vita vikawaka, na Mbaruk akawa ndani yake. Agosti mwaka huo askari wa meli za Kiingereza waliivunja Mweli. Mwaka uliofuata alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, akapewa kukaa Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia, uzeeni, mbali na kaburi lolote la watu wake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini yeye hakurejea. Miaka 18 tu baada ya kujisalimisha kwake, Oktoba 1914, Wajerumani hao hao waliomhifadhi walikuja Gazi na bunduki kupigana na Waingereza hao hao waliomfukuza. Kijiji kikawa uwanja wa ugomvi wa wageni wawili, Wajerumani wakarudishwa nyuma, na ghuba ikajaa na kupwa mara mbili siku hiyo kama kawaida.

Nimeliandika jina la Mbaruk mara nyingi hapa, na mkono wangu umeliandika kwa wepesi unaonitia aibu. Waliolima mtama wake na kutunza minazi yake hawana hata jina moja ninaloweza kuliandika. Mashamba ya Wamazrui, Gazi kama Takaungu, yalilimwa na watumwa, watu waliotolewa bara, wengi kutoka kusini karibu na ziwa Nyasa, na sheria ya kuuondoa utumwa kwenye mwambao wa Kenya haikuja mpaka mwaka 1907. Mikono iliyopanda minazi ya kwanza, iliyokata boriti na kuzibeba kichwani topeni wakati wa maji kupwa ili chombo kipakie wakati wa maji kujaa, ilikuwa mikono yao. Tope lililohifadhi jani la karne tano halikuhifadhi jina la mtu mmoja wao. Na sisi tuliobaki tumefanya nini? Kila mtu wa mwambao mwenye umri wa kutosha anaijua hali ile: mazungumzo yanakwenda vizuri, mtu anauliza ukoo fulani ulitoka wapi, na mzee anakohoa kidogo, anaomba kahawa iongezwe. Tunasema tunasitiri. Tunasema mambo hayo yamepita, ya nini kuyafukua. Lakini nimesimama kwenye tope, na najua kitu kilichofunikwa hakipiti. Kinakaa chini ya kiganja kimoja cha udongo, kizima, na anayekanyaga hapo anapata harufu. Kinakuja kwenye posa, nani akubaliwe na nani atafutiwe sababu. Kinakuja kwenye hati za ardhi. Yasiyopata hewa hayaozi, na neno kuoza, tukiliwaza bila kukunja pua, ndilo neno la kitu kumaliza kazi yake na kuwa mbolea ya kingine.

Basi hilo ndilo linalonifanya niitazame kwa makini ile mizizi ya mlilana inayoipeleka hewa chini topeni.

Misitu hii yenyewe nusura iishe. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwasha matanuri ya chokaa na matofali, na bandu bandu huisha gogo. Sehemu za ufuo zikabaki tope tupu, jua likalipiga, chumvi ikapanda, na mti haukurudi wenyewe. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na njia ile ya kale ya majahazi ikafungika. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda upya hapo Gazi pamoja na wanakijiji. Namna ya kupanda ni ile ile ya mkoko wenyewe: unachukua kijiti kama hiki cha dirishani, unainama, unakichoma topeni, unapiga hatua, unainama tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na msitu ulikuwa mvunguni. Leo ukitembea kwenye daraja la mbao walilojenga akina mama wa Gazi katikati ya mikoko, ili mgeni aone bila kuzama na wao wapate kipato, unapita chini ya kivuli.

Tangu mwaka 2013 kijiji cha Gazi na jirani yake Makongeni vinauza kitu ambacho hakuna jahazi lililowahi kukipakia. Mradi wao, Mikoko Pamoja, unalinda hekta 117 za msitu, na hesabu ya hewa ukaa inayozuiwa isiende angani, kama tani 3,000 kwa mwaka, hununuliwa na watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zimeleta maji ya bomba na kutengeneza shule. Wamepanda mivinje iwe kuni, mwenye njaa ya moto asiingie kwenye mikoko. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliwatunuku Tuzo ya Equator. Ninafurahi kwa moyo wote, nimeyaona mabomba hayo yakitoa maji. Hata hivyo furaha yangu ina mfupa ndani yake. Hekta moja ya mikoko huweza kushika kaboni mara 3 hadi 5 ya msitu wa nchi kavu, na sehemu kubwa haimo kwenye miti. Imo kwenye tope, kwa sababu ile ile ya kukosa hewa. Kinachouzwa ni kule kutooza. Wenye ndege na viwanda wameligeuza tope letu sanduku la amana, na sanduku lazima likae limefungwa, maana msitu ukikatwa na tope likapata jua, vyote vilivyohifadhiwa vitapanda angani vikiwa moshi. Mara ya kwanza ghuba hii ilitoa miti iwe dari za wengine. Sasa inaombwa isitoe kitu, ishike tu, ishike na moshi ambao haikuuwasha. Naiona haki katika malipo, na naiona pia historia ndefu ya mahali padogo kubeba mizigo ya mahali pakubwa kwa bei anayoipanga mnunuzi. Mvuvi wa Gazi ambaye hajawahi kupanda ndege ndiye anayeambiwa asikate fito ya kuezekea banda lake. Anakubali, kwa kuwa anajua samaki hukulia kwenye mizizi ile. Alikuwa anajua kabla ya neno kaboni kufika.

Adhuhuri ile kabla sijaondoka maji yalianza kurudi. Hayaji kwa wimbi. Kwanza mifereji midogo ya topeni inang'aa, kisha inanenepa, kisha kaa wanaziba milango yao, na unatambua kwamba mahali ulipokuwa umesimama pamechukuliwa bila neno. Mizizi ya mlilana ilifunikwa ncha moja moja. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya ukingo wa mashua iliyolala waliendelea na mazungumzo yao, na mashua ikainuka chini yao polepole, ikajisawazisha, nao hawakukatiza hata sentensi. Upande wa magharibi Shimba ilikuwa imegeuka ya samawati, na juu yake wingu la mvua, kwa hiyo usiku ule Mkurumudzi ulikuwa na mzigo wa kuleta.

Nikiwa katikati ya maandishi haya niliinuka, nikajaza maji kwenye ndoo, nikatia gao la chumvi ya jikoni, nikakiweka kijiti ndani. Kilielea kimelala, ngozi yake iliyojikunja ikiwa juu, kama kitu cha kutupwa. Niliizima taa nikalala. Alfajiri nilipokwenda kutawadha nilikipitia. Kilikuwa kimeinama. Kichwa kilikuwa kimenyanyuka juu ya maji kiasi cha kidole kimoja, na upande wa ncha ulikuwa umeshuka, ukielekea chini, haujagusa bado.